Mbeya hadi Guangzhou: piga mwenyewe hesabu ya umbali na saa za safari

Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na swali lao la kwanza kabla ya kukata tiketi ni "China masaa mangapi?" Kikokotoo cha simu kinatosha kulijibu.

1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja. Kwenye ramani ya simu, bonyeza kiwanja na ushikilie, namba mbili zitatokea. Songwe, kiwanja cha Mbeya, ni -8.92 na 33.27, Dar -6.88 na 39.20, Guangzhou 23.39 na 113.30. Alama ya kutoa maana yake kusini mwa ikweta. Ukiiruka, Dar yako inahamia Ethiopia.

2. Songwe–Dar. Nyuzi moja ni kama kilomita 111. Tofauti ya latitudo ni 2.04, sawa na km 226. Ya longitudo ni 5.93, karibu km 650. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo: km 690 hivi. Basi linapita km 800 kwa sababu barabara inazungukia Iringa, Kitonga na Mikumi.

3. Dar–Guangzhou. Hapa njia ya juu haifai, kwa kuwa dunia ni mviringo. Kwanza andika sin 30, isipoleta 0.5, kikokotoo hakiko kwenye digrii, kibadilishe. Kisha:

sin(-6.88) × sin(23.39) + cos(-6.88) × cos(23.39) × cos(74.10)

Hiyo 74.10 ni tofauti ya longitudo. Jibu ni 0.202. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 78.3, zidisha kwa 111.2: kama km 8,700.

4. Geuza kuwa saa. Ndege kubwa ya jeti igawie km 900 kwa saa, ya pangaboi 600, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Guangzhou inakuja saa 10 na dakika kumi; mimi humwambia mteja kumi na nusu. Kurudi huwa kurefu zaidi, hasa majira ya baridi ya kaskazini, maana upepo wa juu kule hutoka magharibi.

5. Majira. China iko mbele yetu saa 5. Tiketi ikisema 16:00, ni saa kumi jioni ya Dar. Ongeza kumi na nusu, kisha tano: unatua 07:30, saa moja na nusu asubuhi ya kwao. Saa za tiketi ni za mahali ndege ilipo, ndiyo maana ukitoa moja kwa nyingine unapata safari ya masaa 15 na nusu isiyokuwepo.

6. Kuunganisha. Songwe ina ukungu wa asubuhi, na ndege huchelewa. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, ndege ya pili haikusubiri wala hela hairudi kirahisi. Mteja wa aina hiyo humkatia Songwe–Dar ya siku iliyotangulia, akalale kwa ndugu zake.