Ngome za San Juan, Puerto Rico: jinsi ya kuzitembelea kwa tiketi moja

Mji mkongwe wa San Juan una ngome mbili kubwa, El Morro kwenye rasi inayotazama bahari na San Cristóbal upande wa nchi kavu. UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1983. Wageni wengi hukimbilia El Morro kwanza kwa sababu ndiyo wanayoijua kwa picha, wakafika San Cristóbal hoi, jua limeshawamaliza. Anza na San Cristóbal. Ukiielewa hiyo, mji mzima utakusomekea.

Hatua ya 1: Viza, tiketi, viatu

Puerto Rico iko chini ya Marekani. Pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda inahitaji viza ya Marekani. Hakuna viza ya kisiwa peke yake. Anayeishi Marekani kwa grini kadi husafiri kama anayekwenda jimbo jingine.

Kiingilio ni dola 10 kwa mtu mzima. Watoto wa miaka 15 kushuka chini ni bure. Beba kadi ya benki, usitegemee noti. Tiketi hiyo moja inakuingiza ngome zote mbili ndani ya saa 24, na hapo ndipo mpango wote ulipo: inunue San Cristóbal saa nane mchana, kesho yake asubuhi uingie nayo El Morro. Itunze. Milango hufungwa alasiri, mapema kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo hakikisha saa za siku hiyo kabla ya kutoka hotelini.

Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mitaa imetandikwa matofali ya samawati yaliyotokana na mabaki ya tanuri za chuma, na yakilowa mvua huteleza vibaya.

Hatua ya 2: San Cristóbal, alasiri, saa mbili

Panda moja kwa moja hadi juu kabisa, usimame ukitazama mashariki. Huko ndiko adui alikotokea. Mwaka 1598 Mwingereza George Clifford, mwenye cheo cha Earl wa Cumberland, aliteremsha askari upande huo, akaingia mjini kwa miguu na kuiteka El Morro kwa nyuma. Ngome hii haikuwepo. Kilichomtoa si mizinga bali maradhi ya kuhara damu yaliyowaangusha watu wake.

Hispania ilianza kujenga hapa mwaka 1634, lakini kazi kubwa ilifanyika baada ya 1765. Ukitazama chini utaona kuta zilizopangwa moja mbele ya nyingine, na mahandaki makavu katikati: anayeteka ukuta wa nje anajikuta uwanjani, ana mizinga juu ya kichwa chake. Mwaka 1797 jenerali Mwingereza, Abercromby, alikuja na maelfu ya askari na hakupenya. Miongoni mwa waliomzuia walikuwa wanamgambo weusi wa Cangrejos, kitongoji kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwa kwenye visiwa vya jirani. Likumbuke hilo unapogusa mawe, maana watumwa walitumikishwa pia kuyajenga.

Kisha shuka. Chini ya uwanja mkuu kuna matangi matano ya maji ya mvua. Ngome isiyo na maji huanguka bila risasi. Ingia njia za chini ya ardhi, utafute chumba cha gereza chenye michoro ya merikebu ukutani, iliyochorwa na mfungwa. Kuna giza, hivyo tochi ya simu inasaidia.

Hatua ya 3: El Morro, asubuhi milango ikifunguliwa

Kutoka San Cristóbal ni kama kilomita 1.6 kwa mtaa wa Norzagaray. Mbele ya ngome kuna uwanja mpana wa nyasi usio na mti hata mmoja. Uliachwa wazi makusudi ili mshambuliaji asipate pa kujificha, na wewe pia hutapata kivuli. Beba maji lita moja kwa kila mtu, na kofia isiyopeperuka.

Ngome ina sakafu sita, kutoka juu hadi karibu na maji. Shuka kwanza ungali na nguvu, kisha upande polepole. Ujenzi ulianza mwaka 1539; mwaka 1589 afisa Mhispania Juan de Tejeda na mhandisi Mwitaliano Bautista Antonelli waliupanga upya. Aliyeijua Fort Jesus ya Mombasa atahisi undugu, na hakosei: Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, chini ya mfalme yule yule, Felipe wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno, na aliyeichora ramani yake, Cairati, alikuwa Mwitaliano pia. Vibanda vya zege vilivyo juu ya El Morro ni vya Vita Kuu ya Pili. Usivichanganye na kazi ya Wahispania.

Hatua ya 4: Teremka hadi lango la bahari

Pitia uwanja wa San José. Sanamu ya Ponce de León, gavana wa kwanza Mhispania wa kisiwa hiki, pale ilitengenezwa kwa mizinga iliyoyeyushwa ya Waingereza wa 1797. Kaburi lake liko kwenye kanisa kuu, dakika chache chini.

Malizia Lango la San Juan, lililopakwa rangi nyekundu. Mwaka 1625 Waholanzi waliingia bandarini, wakashika mji na kuuchoma, ila El Morro ikawashinda. Ukuta wa kuuzunguka mji ulifuata baada ya hapo. Nje ya lango, njia ya Paseo del Morro inafuata mguu wa ukuta, na hakuna pengine utakapouona urefu wake vizuri hivyo. Tatizo ni moja: wengi hudhani itawapandisha ndani ya El Morro. Haipandi. Utarudi kwa njia uliyojia, basi iendee jua likishapoa.

Ukiondoka kwenda Marekani bara, mizigo hukaguliwa mazao uwanja wa ndege. Maembe uliyonunua yale kabla ya kufika.