Jinsi ya Kuanza Kazi ya Utaalamu wa Kiarabu na Maandishi ya Kale ukiwa Tanga

Kijana wa Tanga anayetaka kuifanya elimu ya Kiarabu na lugha za kale kuwa kazi yake ana mtaji ambao huenda hajauhesabu, nao ni Kiswahili chake pamoja na masanduku ya wazee ambamo bado mna karatasi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aanzie hapo, kabla ya kutafuta nafasi ya masomo ng'ambo.

Kukhitimu msahafu si kujua Kiarabu. Soma Ajurumiya, kitabu kifupi cha sarufi ya Kiarabu, mbele ya mwalimu, ukieleza kwa nini kila neno limeishia dhuma (alama ya irabu u) na si fataha (alama ya a), na baadaye uingie katika Alfiya ya Ibn Malik, sarufi ya mashairi yenye beti zipatazo 1,000. Zoea pia kutafuta maneno kwa mzizi, kwa kuwa katika kamusi nyingi za Kiarabu katibu, kitabu na maktaba hukaa mahali pamoja.

Ugumu wenyewe uko katika kusoma hati. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Tena waandishi wengi wa zamani waliandika p kwa herufi ya b, na v kwa herufi ya f. Ukikuta be na fe (herufi za b na f), kila moja ina dhuma juu yake, ambayo husimamia o na u, neno hilo laweza kuwa "pofu" au "bovu". Usikimbilie kuchagua. Tazama kwanza linalosifiwa, kama ni jicho au yai. Ikiwa ni utenzi, hesabu mizani nane za kipande, kisha utazame vina vya jirani: "nguvu" itakupeleka kwenye "bovu", na "sufu" kwenye "pofu". Andika usomaji wako kwa penseli, na ule ulioukataa uuandike pembeni, kwa sababu mara nyingi ubeti wa mbele ndio unaoamua.

Tarehe nazo zahitaji uangalifu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa hapa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi (yaani Wajerumani) vya mwaka 1307 wa Hijria, mwaka ulioanza Agosti 1889 na kumalizika Agosti 1890. Anayeandika 1889 pekee amekwisha kosea nusu ya habari.

Shahada ni lazima ukitaka kufundisha chuo kikuu. Ongeza Kijerumani, kwa kuwa hati nyingi za pwani zilichapishwa na kufasiriwa na walimu wa chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887. Kigiriki kitakufaa ukivutwa na habari za Rhapta, bandari ya pwani yetu iliyotajwa katika kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza. Ajira ya utafiti peke yake ni haba, kwa hiyo wengi huichanganya na ualimu na tafsiri. Naona mchanganyiko huo ni mwema, maana darasa hukulazimisha kueleza ulichodhani umekielewa.

Unapokwenda kwa mzee mwenye hati, mwamkie, ueleze nia yako, na uombe ruhusa ya kupiga picha papo hapo badala ya kuazima. Mikono iwe mikavu. Karatasi isibandikwe gundi wala kufunikwa plastiki kwa moto, hata kama imechanika. Ukimaliza, chapisha nakala mbili, na iliyo safi zaidi umrudishie mwenyewe.