Kutazama ubongo wa planaria ukiota upya, kwa 3C11

Mnyoo bapa anayetumika hapa ni *Schmidtea mediterranea*. Kingamwili ya 3C11 hushika sinapsini, protini ya kwenye sinapsi (maungio ya neva).

1. Wanyime chakula siku 7, kwenye nyuzi 20. Utumbo uliojaa hung'aa wenyewe na kukuharibia picha.

2. Kata mbele ya koromeo kwa wembe mpya, juu ya karatasi ya chujio iliyolowa iliyowekwa kwenye barafu. Bakiza mikia. Andaa vipande vya siku 1, 3, 5 na 7.

3. Toa ute. Kazi nyingi huharibikia hapa. Tengeneza N-asetilisisteini ya 5% katika PBS (maji ya chumvi yenye bafa) siku hiyohiyo. Mnyoo wa milimita 2 au 3 mpe dakika 5, mkubwa 8 hadi 10, huku ukitikisa taratibu. Ukikatisha mapema, kingamwili hunasa kwenye ute: ngozi nzima inang'aa, ubongo huuoni. Ukizidisha, ngozi hulegea na kuchunika, na blastema, yaani tishu changa inayoota penye jeraha, iliyo laini kuliko sehemu zote, ndiyo hubanduka kwanza. Kwa hiyo usichanganye vipande vya siku 3 na minyoo mizima kwenye chupa moja. Kila rika na muda wake. Ukiona chembechembe zikielea, umeshachelewa. Kata ncha ya pipeti ipanuke, la sivyo utawachana.

4. Gandisha tishu: formaldehidi ya 4% katika PBS yenye Triton (sabuni) 0.3%, dakika 20.

5. Ondoa rangi ya ngozi: methanoli, kisha peroksidi ya hidrojeni 6% ndani ya methanoli, chini ya taa, usiku kucha. Formamidi humaliza kwa saa mbili, ila methanoli ina faida yake: unaweza kuwahifadhi humo kwenye friza hadi rika zote zitimie.

6. Zuia kingamwili kunasa ovyo: BSA (albumini ya ng'ombe) 1% saa mbili. 3C11 kwa 1:100, usiku kucha, nyuzi 4. Osha mara sita, nusu saa kila mara. Kingamwili ya pili, ile yenye rangi ing'aayo inayoshika 3C11, vivyo hivyo, gizani. Waweke kwenye kioo cha hadubini ndani ya gliseroli 80%.

7. Kusoma picha. Siku ya 3 tafuta vibonge viwili vidogo mbele ya kamba za neva. Kufikia siku ya 7 vimeungana kuwa upinde. Lakini sinapsini huonyesha sinapsi, si miili ya seli. Neva changa isiyo na sinapsi haionekani kabisa, kwa hiyo blastema yenye giza si ushahidi kwamba haina neva. Ongeza kipimo cha RNA ya jeni ya *pc2*, inayoonyesha miili ya seli za neva. Neva zilizokomaa hazigawanyiki. Mpya hutoka kwa neoblasti, seli shina za mnyoo ambazo mionzi huziua, hivyo weka pia kundi lililopigwa mionzi ya Gy (grei) 60 kabla ya kukatwa. Hilo likiota ubongo, mashine yako ya mionzi ina kasoro.