Vya kununua kwanza ukitaka gereji ya nyumbani

Kama una IST au Corolla na unataka kujifanyia sevisi uani kwako, usikimbilie lile boksi kubwa la spana kibao, nyingi zitaota kutu tu. Toyota boliti nyingi ni milimita 10, 12, 14 na 17, nati za tairi 21, so chukua soketi na spana ringi za saizi hizo, na ya 10 nunua mbili maana hiyo hupotea hatari! Hela ya maana weka kwenye jeki ya haidroliki na stendi mbili za kushikilia gari likishainuliwa, ziweke juu ya zege sio mchanga, ukiinua mbele piga kabari tairi za nyuma kwanza, gari likikaa kwenye stendi litikise ndo uingie chini. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, sili yake (mpira unaozuia oili ya jeki) ikivuja gari linashuka na wewe uko chini. Beseni la oili chafu na taa ya kichwani, hivyo bei rahisi tu.