Somo: Kuwafundisha watoto Pasaka katika shule ya Kikristo ugenini

Walimu wenzangu mnaofundisha ugenini, kosa ninaloliona kila mwaka, ambalo hata mimi nililifanya kwa muda mrefu, ni kuwafikisha watoto kwenye kaburi tupu kabla hawajasimama mbele ya kaburi lililofungwa. Shule nyingi hufunga kabla ya Juma Kuu au katikati yake, hivyo mwalimu hubanwa na ratiba, akayamaliza mateso na ufufuko katika kipindi kimoja huku watoto wakiwa wameshavaa mabegi yao. Somo hili linahusu namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Hatua ya kwanza ni kalenda. Waeleze watoto kwamba Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, na ndiyo sababu huhamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Ugenini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa darasani mwako huenda wamo watoto wa Kiorthodoksi, ambao makanisa yao mengi hupiga hesabu hiyo kwa kalenda ya kale ya Julius. Mwaka 2024 Wakristo wa Magharibi waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi na Waorthodoksi tarehe 5 Mei, ilhali mwaka 2025 wote walikutana tarehe 20 Aprili. Mtoto akisema, “Pasaka yetu bado,” usimsahihishe, maana yuko sawa.

Hatua ya pili ni barua fupi kwa wazazi, ikieleza mtakachosimulia na mahali mtakapoishia kabla ya likizo. Usiipuuze.

Hatua ya tatu ni kusimulia siku kwa siku: Jumapili ya Matawi, karamu ya Alhamisi Kuu, kisha Ijumaa Kuu. Mwanzoni kabisa eleza kwamba karamu ile ilihusiana na Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka Misri, na kwamba Yesu, mama yake na mitume wake wote walikuwa Wayahudi. Nasisitiza hili kwa sababu mtoto akiambiwa kizembe kwamba “Wayahudi walimwua Yesu”, anaweza kulibeba neno hilo hadi uwanjani na kumrushia mwenzake. Hukumu ilitolewa na Pontio Pilato, liwali wa Kirumi, na kusulubisha kulikuwa adhabu ya Kirumi. Kwa watoto wa chini ya miaka saba, inatosha kusema kwamba Yesu alisulubiwa akafa. Misumari na damu havihitaji kuchorwa.

Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati. Injili ya Marko husema kwamba giza lilikuwapo tangu saa sita hadi saa tisa, na saa hizo ndizo zetu hasa: adhuhuri hadi alasiri. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza akikutana na “saa ya tisa” hudhani ni asubuhi. Mchoree saa mbili ubaoni, moja kwa hesabu ya shuleni na nyingine kwa hesabu ya kwetu, naye ataelewa mara moja.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Weka udongo kwenye trei, laza chungu kidogo ubavuni, kizungushie udongo hadi kionekane kama pango, kisha uweke kando jiwe bapa la kuziba mdomo wake. Siku ya mwisho kabla ya likizo, baada ya kusimulia maziko, mtoto mmoja alisogeze jiwe mahali pake, nawe usiongeze neno. Mwaka mmoja msichana wa darasa la tatu alichomeka vidole chini ya jiwe, akachungulia, akalirudisha taratibu, akasema, “Basi tunangoja.” Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa hivyo siku ya Jumamosi.

Hatua ya tano hufanyika shule ikifunguliwa. Watoto waingie wakute jiwe limeondolewa na chungu ki kitupu, ndipo usimulie Yohana sura ya 20, hasa pale Mariamu Magdalene anapomdhania Yesu kuwa mtunza bustani, akamtambua alipoitwa kwa jina lake. Usihofu kwamba umechelewa: kipindi cha Pasaka hudumu siku 50, hadi Pentekoste.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, watoto wangu wanauliza: Ijumaa alasiri hadi Jumapili alfajiri ni siku tatu kwa hesabu gani?

Wayahudi walihesabu sehemu ya siku kuwa siku, na siku yao ilianza jua likizama. Wazee wetu waliosema “usiku wa Ijumaa” wakimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa walihesabu vivyo hivyo. Basi ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Shule yetu ina sherehe ya mayai na sungura. Niikatae?

La. Zamani Wakristo wengi hawakula mayai wakati wa Kwaresima, hivyo yalirudi mezani siku ya Pasaka. Sungura ni desturi iliyotoka kwa Wajerumani. Yaeleze hayo kwa dakika tano, ila baada ya kaburi, wala si badala yake.

Nina mwanafunzi Mwislamu aliyesema kwamba Isa hakusulubiwa. Nimjibu nini, ndugu?

Mwambie kwamba amesema kweli kuhusu fundisho la dini yake, kisha endelea ukitumia maneno “Wakristo wanaamini”. Usimweke katika mjadala mbele ya wenzake, na mkifanya igizo la Pasaka mpe nafasi ya kuchagua atakachofanya.

Je, si ukatili kuwaacha watoto wadogo na huzuni likizo nzima?

Kwa wa chekechea, ndiyo, ni muda mrefu mno. Wao uwafungulie jiwe siku hiyohiyo kabla hawajaondoka. Kuanzia miaka saba hivi wanaweza kungoja, nawe waambie wazi kwamba simulizi haijaisha. Barua ya hatua ya pili iwaombe wazazi wao wasome nao sehemu iliyobaki Jumapili ya Pasaka kama watapenda.