Kutafuta mawimbi ya uvutano kwa kufuata saa ya mlipuko wa gama

Setilaiti ikinasa mlipuko wa miale ya gama, anayetafuta mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga-muda inayosafiri kutoka kwenye matukio makubwa angani, amepewa kitu cha thamani kuliko vyote: saa. Badala ya kupekua miezi ya data, anachunguza sekunde sita. Ndiyo maana kazi hii inawezekana kwa kompyuta mpakato ukiwa Chumbageni au Ngamiani, mjini Tanga, mradi una intaneti na subira. Jifunzie kwa mlipuko ambao jibu lake linajulikana, GRB 170817A (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama) wa tarehe 17 Agosti 2017, ili ukikosea ujue umekosea.

Anza na saa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Setilaiti ya Fermi ilishtuka saa 12:41:06.47 kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Kompyuta ya Tanga ingeandika 15:41, na mtu wa Tanga angesema saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri. Hizo ni namna tatu za kutaja dakika ileile, na kundi la wanafunzi likizichanganya kwenye daftari moja, hakuna atakayejua kosa liliingilia wapi. Andikeni UTC pekee. Kisha igeuzeni iwe saa ya GPS, inayohesabu sekunde tangu 6 Januari 1980, kwa kuwa data za vigunduzi vya mawimbi ya uvutano hupangwa kwa saa hiyo. Tangu mwaka 2017 GPS imeitangulia UTC kwa sekunde 18. Ukizisahau sekunde hizo, dirisha lako, yaani kipande cha muda unachokichunguza, linaangukia mahali pasipo na kitu, na programu haitakuonya. Jibu sahihi ni 1187008884.47.

Sasa weka dirisha, na uliweke kabla hujaangalia data. Kwa mlipuko mfupi, wa sekunde mbili hivi au pungufu, tunatarajia nyota mbili za nyutroni zimegongana, au nyota ya nyutroni na shimo jeusi. Dirisha la kawaida linaanzia sekunde 5 kabla ya mlipuko na kuishia sekunde 1 baada yake. Mlipuko mrefu kwa kawaida hutokana na kuporomoka kwa nyota kubwa. Umbo la wimbi lake halitabiriki vizuri, kwa hiyo hutafutwa kwa mbinu nyingine na dirisha pana, kuanzia sekunde 600 kabla. Anayelipanua dirisha baada ya kuona kitu kizuri pembeni ameshaharibu kipimo chake.

Data za vigunduzi vya LIGO (Hanford, H1, na Livingston, L1, Marekani) na Virgo (V1, Italia) zinapatikana bure kwenye gwosc.org. Chukua zenye vipimo 4096 kwa sekunde. Faili ya sekunde 2048 ni kama MB 67 kwa kila kigunduzi kabla ya kubanwa. Ili kuokoa bando, fanyia kazi kwenye Google Colab, huduma ya kuendesha programu kwenye mashine za Google: faili zinashuka kwenye mashine za huko, wewe unapokea picha na namba tu. Hifadhi matokeo kwenye Google Drive kila hatua, kwa sababu umeme au mtandao ukikatika muda mrefu, kikao kinafutwa pamoja na vyote vilivyomo. Programu za kusakinisha ni GWpy na PyCBC, zote za Python.

Kwa L1 chagua faili iliyosafishwa. Sekunde 1.1 kabla ya nyota hizo kugongana, kigunduzi hicho kilipatwa na mshtuko mfupi wa kelele, mkali kuliko ishara yenyewe. Ukitumia data ghafi utaushangilia mshtuko badala ya wimbi.

Chora kwanza wigo wa kelele, yaani nguvu ya kelele katika kila masafa. Utaona mistari mirefu iliyosimama: hezi 60 kwa vigunduzi vya Marekani, hezi 50 kwa Virgo. Ni umeme wa gridi tu. Hata Tanga umeme wetu ni wa hezi 50. Usiitafutie maana. Kata kila kilicho chini ya hezi 20, ambako mitikisiko ya ardhi imetawala, ikiwemo ile inayosababishwa na mawimbi ya bahari.

Kisha linganisha data na kiolezo, yaani umbo la wimbi tunalotarajia. Tumia TaylorF2, fomula ya umbo hilo iliyomo kwenye PyCBC, kwa nyota mbili zenye uzito mara 1.3758 ya ule wa Jua kila moja, kuanzia hezi 30. Kiolezo hicho kina urefu wa sekunde 55 hivi. Kadiria wigo wa kelele kwa vipande vya sekunde 4, ukichukua kipimo cha kati badala ya wastani, ili ishara kubwa isijihesabu kama kelele. Baada ya kulinganisha, tupa angalau sekunde 60 za mwanzo na 8 za mwisho. Kilele ni pale data inapofanana zaidi na kiolezo, na kingo hizo hutoa vilele vikubwa vya uongo, na kosa hili ndilo linalowafurahisha wanaoanza kuliko yote.

Kilele kinapaswa kuwa karibu na 1187008882.4, sekunde mbili hivi kabla ya Fermi kushtuka. Uwiano wa ishara kwa kelele uliochapishwa ni 26.4 kwa L1, 18.8 kwa H1 na 2.0 tu kwa V1. Namba zako zitatofautiana kidogo kulingana na wigo uliokadiria. Udhaifu wa Virgo usikutishe: chanzo kilikuwa upande wa anga ambao Virgo haisikii vizuri, na kimya hicho kilisaidia kupunguza eneo la kutafuta angani. Kagua pia tofauti ya saa. Kati ya Hanford na Livingston wimbi haliwezi kuchelewa zaidi ya milisekunde 10. Hapa lilifika L1 kwanza, kisha H1 milisekunde 3 baadaye. Vilele viwili vilivyoachana kwa milisekunde 40 si wimbi moja.

Bado hujathibitisha kitu. Gawa data iliyobaki, nje ya dirisha, katika vipande vya sekunde sita, na kila kipande kipime vilevile. Hesabu ni vingapi vimezaa kilele kikubwa kama chako. Vipande 3 kati ya 300 vikikifikia, uwezekano wa kelele pekee kuzaa kilele kama hicho ni asilimia moja. Kisipofikiwa na hata kimoja, sema ni chini ya 1 kwa 300, na usidai zaidi. Ukitaka kusema zaidi, chukua data ndefu zaidi.

Na usipopata kitu, pachika ishara za kuigiza ndani ya data, ukizisogeza mbali polepole, hadi umbali ambao programu bado inaziona 9 kati ya 10. Huo ndio umbali wa kuandika. Mlipuko wa GRB 070201 ulionekana kutokea upande wa galaksi ya Andromeda. LIGO haikuona kitu, na kwa hesabu ya aina hii ikaondoa uwezekano wa mgongano wa nyota ndani ya galaksi hiyo kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99.