Mtoto wa mbwa ananuka mdomo? Anza na bakuli lake

Mwongozo huu ni wa mbwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja anayelishwa cha nyumbani: ugali wa jana, dagaa, mabaki ya mezani. Mbwa wa umri huu kwa kawaida bado hajajenga ukoga mgumu wa miaka mingi, kwa hiyo akibadilishiwa chakula hubadilika haraka kuliko mbwa mzee. Lakini chakula hakiondoi ukoga uliokwisha kuganda wala hakiponyi fizi zenye usaha, ndiyo maana tunaanza na mdomo wenyewe.

1. Mwangalie mdomo mchana, penye mwanga

Inua mdomo wa juu pembeni, umwone hadi gego kubwa la nyuma. Tundu la mate la shavuni hufunguka karibu na gego hilo, na ukoga huanzia hapo kabla ya kwingine. Fizi nzima ni za waridi au zina mabaka meusi ya asili. Mstari mwekundu kwenye shina la jino maana yake fizi zimeanza kuvimba.

Kati ya miezi minne na saba, meno 28 ya utoto yanayapisha 42 ya ukubwani. Damu kidogo na harufu kama ya chuma wakati huo ni kawaida. Kisicho kawaida ni chonge mbili kusimama pamoja, la zamani na jipya: chakula hunasa katikati na kuoza, na hakuna lishe itakayoondoa harufu hiyo. La zamani ling'olewe na daktari wa mifugo.

Harufu ya mkojo, harufu tamu kama ya matunda yaliyochacha, au harufu kali inayoambatana na kutapika na kuharisha damu: acha mwongozo huu, mpeleke kwa daktari leo hii.

2. Ziba anachookota

Mbwa anayekula kinyesi au kufukua jalala atanuka hata ukimlisha minofu. Zoa kinyesi asubuhi na jioni, pipa liwe na mfuniko unaobana. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Dozi hufuata uzito: panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako.

3. Amua: cha dukani au cha kupika

Kama mfuko unaruhusu, nunua chakula kikavu kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa mbwa anayekua. Kwa maoni yangu ndiyo njia salama zaidi, kwa sababu madini yake yamekwisha pimwa. Usinunue kile cha kupimiwa kutoka gunia lililo wazi: mafuta yake huchacha na kuvu huingia. Na usitegemee chembe kavu zisugue meno. Nyingi hupasuka mara tu zinapoguswa na ncha ya jino.

4. Kupika (hapa ndipo wengi hukosea)

Kwa takriban kilo moja ya chakula kilichoiva:

- gramu 500 za moyo, mapupu au nyama ya kichwa
- gramu 50 za maini, zisizidi
- gramu 300 za wali au ugali
- gramu 150 za boga au karoti zilizopondwa
- kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya alizeti
- vijiko 2 vya chai, vya kusawazisha, vya unga wa maganda ya mayai

Mapupu na maini yachemke vizuri, dakika 40 tangu maji yaanze kutokota. Yakate kwanza na uyatazame ndani. Ukikuta vifuko vyeupe vyenye maji, hayo ni malengelenge ya tegu. Mbwa akiyala mabichi anapata mnyoo ambao mayai yake humwambukiza binadamu, hasa watoto wanaocheza naye. Kipande chenye vifuko kichome moto au kifukie kwa kina, usimtupie mbwa.

Maganda ya mayai hayaachwi. Nyama na ugali vina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, na mbwa anayekua bila kalsiamu huota miguu iliyopinda na meno dhaifu. Yaoshe, yakaange makavu dakika kumi, yasage yawe laini kama unga wa ngano. Yakibaki chengachenga hayafyonzwi vizuri. Usizidishe ukidhani unamsaidia, hasa mbwa wa aina kubwa: kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa. Ukitumia dagaa wazima badala ya nyama, punguza maganda hadi nusu, kwani mifupa yao ina kalsiamu. Hata hivyo mchanganyiko huu peke yake haukidhi zinki, aidini na vitamini. Ongeza unga wa madini na vitamini wa mbwa kutoka duka la dawa za mifugo. Unga huo ukiwa na kalsiamu tayari, muulize muuzaji upunguze maganda kiasi gani.

Sasa dagaa, chanzo kikubwa cha harufu. Si chakula kibaya, tatizo ni namna wanavyotolewa: wakavu, kutoka mfukoni. Dagaa wa Ziwa Victoria wakianikwa chini huja na mchanga, na wa Pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mafuta yao yakikaa huchacha, na harufu hiyo hushika hadi manyoya ya kidevu. Waloweke nusu saa, waoshe hadi maji yatoke safi, wachemshe na umwage maji ya kwanza. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Baada ya mlo, mfute kidevu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

Marufuku kabisa: kitunguu maji, kitunguu saumu (hata kama jirani anakisifia kwa minyoo, kinaharibu damu ya mbwa), zabibu, chokoleti, mifupa ya kuku iliyopikwa, na mahindi au pumba zenye ukungu. Sumu ya ukungu huua ini.

Mbwa wa kilo 10 mwenye miezi mitano huhitaji takriban gramu 600 za chakula hiki cha kupika kwa siku, zikigawanywa mara tatu. Chini ya miezi mitatu, mara nne. Ukipapasa mbavu uzihisi bila kuzibonyeza, zikijificha, punguza.

5. Badilisha kwa siku kumi

Robo mpya na robo tatu ya zamani siku tatu, nusu kwa nusu siku tatu, robo tatu mpya siku tatu, kisha yote. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja. Usimpe maziwa ya ng'ombe kipindi hiki, hutajua kipi kimemharisha.

6. Bakuli

La chuma cha pua. Plastiki hukwaruzika na utelezi hubaki kwenye mikwaruzo. Chakula kilichobaki baada ya dakika 20 kiondoe, maji badilisha mara mbili kwa siku.

7. Mswaki

Ukoga laini huanza kuganda ndani ya siku chache, kwa hiyo piga mswaki kila siku. Mswaki laini wa mtoto, upande wa nje tu, ukikazia yale magego ya juu. Dawa ya meno ya watu hapana: mbwa hawezi kutema, na nyingine zina zailitoli, aina ya kitia utamu ambayo ni sumu kwake. Maji matupu yanafanya kazi. Kwa kutafuna, mpe karoti mbichi nzima iliyopoa kwenye friji. Kitu kisichoingia alama ya kucha ni kigumu mno kwa meno yake.

Mpe wiki nne tangu amalize kubadilisha. Harufu ikibaki ile ile, daktari amwangalie meno, fizi na koo, na wewe mwandikie kila kilichoingia mdomoni kwa wiki nzima, pamoja na anachopewa na watoto chini ya meza.